Kampuni zikiungana, mfanyakazi hutetewa na nani?

Kuna habari moja ambayo magazeti yetu huichapisha mara mbili, na ni nadra mtu kutambua kwamba ni ileile. Mara ya kwanza hukaa ukurasa wa biashara. Kampuni fulani imeinunua nyingine, wakurugenzi wanapeana mikono mbele ya bango lenye nembo mpya, na msemaji anaahidi ufanisi, huduma bora na mtaji mpana. Mara ya pili huja miezi kadhaa baadaye, imebanwa chini ya ukurasa wa ndani. Wafanyakazi wa tawi fulani wamepunguzwa kazi na uongozi unawashukuru kwa utumishi wao. Safari hii picha hakuna, na jina la kampuni lililokuwa kwenye bango halitajwi pamoja na ule ufanisi ulioahidiwa.

Habari hizo mbili huwa pia na mawakili wawili. Wa kwanza ana ofisi ghorofani, anajua kukokotoa sehemu ya soko, na mteja wake humlipa kabla kalamu haijagusa karatasi. Wa pili unamkuta kwenye korido za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, akiwa na majalada kwapani na mteja ambaye hajaona mshahara tangu mwezi juzi. Mara nyingi hawafahamiani. Muulize wa kwanza habari ya kiinua mgongo, atakuelekeza kwa wa pili. Muulize wa pili habari ya nguvu ya soko, atakuambia hayo ni mambo ya wenye kampuni.

Msimamo wangu ni kwamba kuwatenganisha mawakili hawa ni kosa, na wanaolilipia ni watu wenye kaya za kulisha. Sheria ya kazi na sheria ya ushindani zinapambana na jambo moja, yaani nguvu ya mwenye mali juu ya mtu asiye na pengine pa kwenda. Mama anayenunua sukari dukani na baba anayeuza nguvu zake kiwandani wanahitaji kinga ileile: wakionewa hapa, wawe na mlango mwingine wa kubisha. Kijana aliyemaliza shahada ya sheria akiniuliza leo ajikite wapi, nitamwambia ajikite pale sheria hizi mbili zinapokutana, tena asimame upande wa mfanyakazi. Upande ule mwingine umeshajaa.

Ofisi mbili, mwananchi yuleyule

Tanzania ilizitunga sheria hizi zikifuatana. Sheria ya Ushindani ni Namba 8 ya mwaka 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni Namba 6 ya mwaka 2004. Nchi ilikuwa imetoka kwenye uchumi wa mashirika ya umma na kuingia kwenye soko huria, na ilionekana wazi kwamba soko likiachwa bila mwangalizi, mwenye nguvu atamla mnyonge. Sheria ya kwanza ikaja kumzuia mfanyabiashara mkubwa asiwameze wenzake na kumkamua mlaji. Ya pili ikaja kumzuia mwajiri asimwondoe mtu kazini kwa sababu tu ameamka vibaya.

Baada ya hapo kila moja ikashika njia yake. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 za kufika CMA. Unajaza fomu, mnakaa mbele ya msuluhishi, na mkishindwa kuelewana shauri linakwenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika anaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Kuna jambo jema humo ambalo wengi hawalijui: mzigo wa kuthibitisha kwamba uliachishwa kwa haki anaubeba mwajiri, wewe hutakiwi kuthibitisha kwamba umeonewa.

Njia ya pili inaanzia Tume ya Ushindani, FCC. Kampuni kubwa zinazotaka kuungana hupeleka maombi huko, na Tume hupima kama muungano utazipa nguvu ya kupindukia sokoni. Anayevunja sheria anaweza kutozwa faini inayofika asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Rufaa husikilizwa na Baraza la Ushindani.

Kumbuka sakata la saruji. Kampuni ya Scancem International, mwenye hisa mkubwa wa Twiga Cement, ilitaka kununua sehemu kubwa ya hisa za Tanga Cement. FCC ikaidhinisha, Baraza la Ushindani likaitengua idhini hiyo Septemba 2022, na nchi nzima ikajifunza kwamba sheria ya wakati huo ilikuwa na kipimo cha asilimia 35 ya soko. Tulibishana kuhusu bei ya mfuko, na tulikuwa na haki ya kubishana. Anayejenga chumba na sebule kidogokidogo kule Chanika anaifahamu bei ya saruji kuliko waziri yeyote. Lakini ni mara ngapi ulisikia mtu akiuliza fundi mitambo wa Tanga atahamia wapi akigombana na bosi wake, ikiwa kiwanda hiki na kile vina bwana mmoja?

Hapo ndipo mgawanyo wa mawakili unapoleta hasara. Kifungu cha 38 cha sheria ya ajira kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe notisi mara tu anapolifikiria jambo hilo, atoe taarifa zote muhimu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hakuna chama. Wajadiliane sababu, njia za kuepuka, na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Sasa tujiulize: kampuni mbili zilipoungana, wazo la kupunguza watu lilizaliwa lini? Je, ni siku barua zilipogawiwa, au siku washauri walipoandika kwenye maombi ya muungano kwamba gharama za uendeshaji zitashuka?

Kampuni mbili zina wahasibu wakuu wawili, mameneja wa ghala wawili, wapika chai wawili. Maombi yanaposema "ufanisi", mara nyingi yanasema viti vitapungua. Wakili wa kazi asiyejua kwamba karatasi hizo zipo hatazidai. Atatumia miezi akibishana kuhusu barua ya Novemba, ilhali uamuzi wenyewe ulifanyika Januari katika ofisi ambayo hajawahi kuikanyaga. Maji yakimwagika hayazoleki. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi, tena kwa miaka isiyozidi 10. Aliyetumika miaka 20 anahesabiwa siku 70. Siku 70 hazimalizi hata nusu ya mwaka wa masomo wa mtoto mmoja.

Kifungu kinachokufuata mpaka nyumbani

Kampuni zinaungana mara chache. Kuna jambo jingine lisilosubiri muungano, nalo linamgusa mtu wa kawaida kila anapopata ajira mpya. Ni kile kifungu cha mwisho mwisho kwenye mkataba, kinachosema kwamba ukiacha kazi hutaajiriwa na mshindani wa mwajiri wako, wala kufungua biashara kama yake, kwa mwaka mmoja au miwili, katika mji huohuo.

Kwa mkurugenzi anayejua siri zote za kampuni, kifungu hicho kina maana. Lakini msusi wa saluni ana siri gani? Muuza duka la simu ataiba maarifa gani zaidi ya kujua wateja wanapenda nini? Watu hawa wanasaini kwa sababu nyuma yao wamepanga foleni wengine. Siku wakipata kazi yenye mshahara bora mtaa wa pili, wanaambiwa watashtakiwa. Wengi hawaendi kwa wakili kuuliza kama tishio lile lina miguu. Wanakaa palepale na mshahara uleule, au wanaiacha fani waliyoisomea na kwenda kuuza mitumba.

Mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza hazikubali kila kizuizi cha namna hii. Hukumu inayotajwa sana ni ya mwaka 1894, iliyotolewa na mahakama ya juu ya Uingereza katika shauri la Thorsten Nordenfelt, Msweden aliyekuwa akitengeneza bunduki na risasi. Nordenfelt aliuza biashara yake kwa zaidi ya pauni 280,000 na kuahidi kutoifanya tena biashara hiyo kwa miaka 25, popote duniani. Alipotaka kurudi, majaji walimshikilia kwenye ahadi yake. Walieleza kwamba kizuizi husimama tu kikiwa cha kiasi, kwa wahusika wenyewe na kwa umma. Ugumu wa hukumu ile una mantiki, kwa kuwa mtu yule alikuwa amelipwa mali ya kutosha vizazi. Sasa msusi wetu amelipwa nini ili akae mwaka mzima bila kusuka? Wakenya wana sheria mahususi ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, inayoiruhusu Mahakama Kuu kukitupa kizuizi kisicho cha haki. Mlango upo, ila haubishwi kwa sababu anayeumia hamjui wa kumbishia.

Marekani wameonja ugonjwa huu kuliko sisi. Jimmy John's, kampuni ya kuuza mikate iliyojazwa nyama, ilikuwa ikiwafunga hata vijana wanaotengeneza mikate hiyo kwa kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani. Ilikiacha mwaka 2016 baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Illinois. Aprili 2024 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitunga kanuni ya kupiga marufuku karibu vifungu vyote vya aina hii, na Agosti mwaka huohuo jaji wa Texas akaitengua. Waliokuwa wakipambana kwa niaba ya wafanyakazi pale walikuwa wanasheria wa ushindani. Hilo ndilo la kulitazama.

Tena mwajiri hahitaji hata kifungu. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilizibana kampuni za Apple, Google, Intel, Adobe, Intuit na Pixar kwa kukubaliana chini kwa chini kutovutiana wafanyakazi. Mhandisi alikuwa akingoja simu ya kampuni nyingine bila kujua kwamba mabosi wamepatana isipigwe. Shauri la wahandisi wenyewe lilihitimishwa mwaka 2015 kwa malipo ya dola milioni 415 kutoka kwa kampuni nne kati ya hizo. Wahandisi wale walikuwa wakilipwa vizuri, na bado walipunjwa. Wenye shule binafsi za mji mmoja wakikubaliana kutochukuliana walimu, mwalimu wa darasa la tatu atajuaje? Na akijua, atampelekea wakili yupi?

Wakili mmoja wa Boston

Wapo watakaosema kwamba ninataka wakili wa sheria zote mbili ambaye hajapata kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Louisville, Kentucky, akaitwa Louis Brandeis.

Brandeis alifungua ofisi Boston, akapata utajiri kwa kuwatumikia wafanyabiashara, kisha akaanza kupokea mashauri ya umma bila ada. Mwaka 1908 alikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani kutetea sheria ya jimbo la Oregon iliyozuia wanawake wa viwandani na wafua nguo kufanya kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Mwenye kiwanda cha kufulia, Curt Muller, alidai sheria hiyo inaingilia uhuru wa mkataba. Brandeis aliwasilisha andiko la zaidi ya kurasa 100, na hoja za sheria zilichukua kama kurasa mbili tu. Zilizobaki zilikuwa taarifa za madaktari, wakaguzi wa viwanda na wataalamu wa afya, zilizokusanywa na shemeji yake Josephine Goldmark na wenzake, zikionyesha saa nyingi zinaufanyia nini mwili wa mtu. Alishinda. Wapo waliomlaumu baadaye kwa kumchora mwanamke kama kiumbe dhaifu, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini tangu siku ile mawakili walijua kwamba maisha ya jikoni na kiwandani yanaweza kuingia mahakamani kama ushahidi.

Miaka miwili baadaye aliwapatanisha washonaji nguo wa New York waliogoma kwa makumi ya maelfu na waajiri wao. Na katika miaka hiyohiyo alikuwa akipigana na kampuni za reli na mabenki yaliyohodhi uchumi. Mwaka 1912 akamshauri Woodrow Wilson kuhusu namna ya kukabili ukiritimba, na mawazo yake yakachangia sheria za ushindani za mwaka 1914. Mwaka 1916 akawa jaji wa Mahakama ya Juu.

Kwa nini alihitaji kuzijua sheria zote mbili? Kwa sababu katika zama zake sheria ya ushindani iligeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wafanyakazi. Chama cha watengeneza kofia kilipohimiza watu wasinunue kofia za kiwanda kimoja cha Danbury, Connecticut, mahakama ilisema mwaka 1908 kwamba chama hicho kinabana biashara kama genge lolote la wafanyabiashara. Wanachama wa kawaida walidaiwa fidia ya zaidi ya dola 250,000, na nyumba zao na akiba zao za benki zikazuiliwa. Ilibidi sheria ya mwaka 1914 itamke kwamba kazi ya mwanadamu si bidhaa, ndipo vyama vianze kutafuta pa kupumulia. Fikiria umetoa ada ya chama kila mwezi, halafu siku moja unaambiwa nyumba yako inakwenda kwa deni la chama.

Dereva wa teksi mtandao ni nani?

Usidhani habari ya Danbury imezikwa. Ipo hapa Dar es Salaam, imeshika usukani.

Aprili 2022 Uber ilisitisha huduma zake nchini baada ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Ilirejea mwanzoni mwa 2023 ukomo ulipopandishwa hadi asilimia 25. Kwa kila shilingi 10,000 ya abiria, tofauti hiyo ni shilingi 1,000 inayotoka mfukoni mwa dereva, ambaye bado ana mafuta, matengenezo na hesabu ya mwenye gari. Madereva walilalamika, mwenye programu naye alilalamika, na mdhibiti wa usafiri akawa ndiye mwamuzi.

Lakini swali la msingi halijajibiwa. Dereva huyu ni mfanyakazi au ni mfanyabiashara? Jibu linabadilisha kila kitu. Akiwa mfanyakazi, anaweza kujiunga na wenzake, wakadai mkataba wa hali bora, wakagoma kwa utaratibu. Akiwa mfanyabiashara, kukaa na wenzake kupanga nauli kunaweza kuhesabika kuwa njama ya bei. Kitendo kimoja, mkutano mmoja chini ya mwembe mmoja, kinaweza kuwa haki kwa sheria moja na kosa kwa sheria nyingine.

Huko nje mabishano haya yameshafika mahakamani. Jiji la Seattle lilipitisha mwaka 2015 kanuni ya kuwaruhusu madereva wa namna hii kujadiliana kwa pamoja, likashtakiwa kwa kuvunja sheria ya ushindani, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikakataa kulipa jiji kinga. Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu ilisema madereva wa Uber waliofungua shauri ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo Septemba 2022 kueleza ni wakati gani watu wanaojiajiri peke yao wanaweza kujadiliana pamoja bila kuonekana wamekula njama.

Madereva wetu wakitaka ushauri kesho, wamwendee nani? Wakili wa kazi atawaambia waunde chama. Wa ushindani atawaambia wajihadhari. Wote wawili watakuwa wamesema kweli nusunusu, na nusu ya ukweli katika sheria inaweza kumpeleka mtu pabaya.

Watu 503

Mfano unaonipa moyo unatoka Afrika Kusini. Walmart ya Marekani iliomba kununua hisa nyingi za Massmart, kampuni iliyomiliki maduka ya Game, likiwamo lile la Mlimani City ambalo wengi wetu tulinunulia friji na viti vya plastiki. Sheria ya ushindani ya kule, ya mwaka 1998, inataka muungano upimwe pia kwa athari zake kwenye ajira. Tena inazitaka kampuni zikabidhi nakala ya taarifa ya muungano kwa chama cha wafanyakazi, au kwa wafanyakazi wenyewe.

Chama cha wafanyakazi wa maduka, SACCAWU, kiliingia kwenye shauri. Kilionyesha kwamba wafanyakazi 503 walikuwa wamepunguzwa mwaka 2010, muda mfupi kabla ya mpango ule kutangazwa. Kampuni zilijibu kwamba upunguzaji ule haukuhusiana na muungano. Mwaka 2011 Baraza la Ushindani la nchi hiyo liliruhusu ununuzi kwa masharti, likiwamo la kutopunguza watu kwa miaka miwili kwa sababu ya muungano, na la kuwapa wale 503 kipaumbele nafasi zikitokea. Chama hakikuridhika na kipaumbele, kikakata rufaa. Machi 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani iliamuru watu 503 warudishwe kazini.

Soma tena jina la mahakama hiyo. Haikuwa mahakama ya kazi. Waliorudisha watu kazini walikuwa majaji wa ushindani, kwa sababu upande wa wafanyakazi ulikuwa na watu waliojua kwamba mlango ule upo na unaweza kubishwa.

Kenya nao wamepiga hatua. Sheria yao ya Ushindani ya mwaka 2010 inaitaka Mamlaka ya Ushindani iangalie athari kwa ajira inapopima muungano. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019, idhini ilikuja na sharti la kutowapunguza wafanyakazi kwa angalau mwaka mmoja. Mwaka mmoja si mwingi, lakini kwa mtu mwenye mkopo wa benki na mtoto wa kidato cha nne, mwaka mmoja wa kujipanga ni kitu kikubwa. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wafanyakazi wa kampuni zilizoungana wanajua kwamba hata tembo wakipendana nyasi haziponi, ila mtu akiziwekea uzio mapema.

Mshika mawili

Najua hoja ya kwanza itakayoletwa: mshika mawili moja humponyoka. Sheria imekuwa pana, wakili mzuri hujikita kwenye fani moja, na anayegusa zote huwa hodari wa kote bila kuwa bingwa wa popote. Ningekubali kama mambo haya yangekuwa mawili. Nimejaribu kuonyesha kwamba kwa fundi wa Tanga, msusi wa saluni na dereva wa teksi mtandao, ni jambo moja lililogawanywa na mihtasari ya vyuo vikuu.

Hoja ya pili ni kwamba wawekezaji watakimbia. Walmart haikukimbia Afrika Kusini siku ilipowekewa masharti. Ilinunua, na miaka 11 hivi baadaye ikaamua kuichukua Massmart nzima. Mwekezaji makini anaogopa zaidi kutojua kitakachompata. Akiambiwa masharti ya ajira mapema, anayaweka kwenye hesabu zake. Kinachomvuruga ni mashauri 80 yanayoibuka CMA baada ya muungano kwa kuwa hakuna aliyeshauriana na mtu.

Ya tatu ni kwamba Tume ya Ushindani ni ya mlaji, si ya mfanyakazi. Sheria yenyewe inaanza kwa kutaja lengo la kukuza ustawi wa watu wa Tanzania kwa ujumla. Mfanyakazi si mmoja wao? Na huyo mlaji tunayemlinda ananunua kwa fedha gani, kama si mshahara?

Mwisho kuna swali la tumbo: wakili huyu atakula nini? Ni swali la haki. Kijana aliyemaliza shahada, akapita mafunzo ya vitendo ya Law School na kuapishwa, ana madeni na wazazi wanaomtazama. Mteja aliyefukuzwa hana cha kumlipa. Lakini mteja huyu hayuko peke yake. Chama kama TUICO, chenye wanachama viwandani, madukani na kwenye mabenki, hukusanya ada kila mwezi, na kidole kimoja hakivunji chawa. Wakili anayelipwa na chama kwa mwaka mzima, asome matangazo ya miungano na kupitia mikataba ya wanachama, atawaokolea zaidi ya anayeitwa baada ya barua kugawiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ajifunze kusoma mizania ya kampuni, akae na wachumi, ahudhurie mikutano ya matawi inayoanza saa moja usiku baada ya zamu. Kazi hiyo haina vioo vya ghorofani.

Yanayowezekana kesho

Nimalizie na yanayowezekana. Vyuo vyetu vifundishe sheria ya kazi na sheria ya ushindani katika darasa moja walau kwa muhula mmoja, kwa kutumia mashauri halisi ya miungano. Bunge lifute vifungu vya kuzuia ajira kwa watu wa mishahara ya chini, ili msusi na muuza duka wasihitaji kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba hawana siri ya kuiba. Wizara ya kazi na wizara ya biashara zikae pamoja ziamue dereva wa teksi mtandao anaweza kujadiliana na wenzake kwa utaratibu gani, kabla hajashtakiwa kwa kufanya hivyo.

Na vyama vya wafanyakazi vibadilishe madai. Kila Mei Mosi tunasikia nyongeza ya mshahara, na ni dai la haki. Mwaka ujao viongeze la pili: kampuni zinapopeleka maombi ya kuungana, nakala ifike kwa chama siku hiyohiyo, na chama kiwe na wakili anayeweza kuisoma. Dai hilo haliigharimu hazina hata senti, na halimnyimi mwekezaji faida yake. Linamlazimisha tu aseme mbele ya watu anaotaka kuwapunguza yale aliyoyaandika kwa watu anaotaka wampe idhini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mfanyakazi katika muungano ni kujua kabla haujaidhinishwa, na chama kisichodai hata hilo hakina sababu ya kuendelea kukata ada.